Tumenyimwa ruzuku ya sanaa mara mbili: tatizo ni andiko, ni sisi, au ni kujuana?

*Swali: Naongoza kikundi cha maigizo na uchoraji wa ukutani. Tuna miaka sita na wanachama kama ishirini, na tunafanya kazi na vijana walioacha shule pamoja na wazee wa mtaa wetu. Tumeomba ruzuku ya mfuko wa sanaa wa serikali mara mbili. Mara ya kwanza tulijibiwa kwamba ombi halikukidhi masharti ya awali. Kwa kuwa kikundi hakijasajiliwa wala hakina akaunti ya benki, mara ya pili mweka hazina wetu aliomba kwa jina lake kama msanii binafsi. Hapo tukaambiwa ombi halikufikia alama zinazotakiwa. Tulitaka kuendesha warsha kwa miezi minane, na zaidi ya nusu ya bajeti ilikuwa kamera, spika na jenereta. Sasa kuna bwana anasema maandiko yake huwa yanashinda. Anataka kianzio, na asilimia 15 ruzuku ikitoka. Wenzangu wengine wanasema tusijisumbue, fedha hizi ni za wenye watu wao ndani. Dirisha jipya la maombi linafungwa baada ya wiki sita. Tuombe tena au tuachane nayo?*

Ndugu yangu, pole kwa kukataliwa mara mbili, na hongera kwa kuwa kazi haikusimama. Nimeketi upande wa pili wa meza hiyo, nikisoma maombi kama lenu na kuyapa alama, kwa hiyo nitakueleza yanayotokea huko ndani. Mengi ya yanayowasumbua yanarekebishika, ingawa sidhani kama yote yatarekebishika ndani ya wiki sita.

Anza kwa kuyatenganisha majibu mawili mliyopewa, maana ninyi mnayahesabu kama kukataliwa kulekule mara mbili, na sivyo. Ombi la ruzuku ya umma hupita hatua mbili. Ya kwanza haina habari na sanaa hata kidogo. Ofisa ana orodha mbele yake: cheti cha usajili, akaunti yenye jina la mwombaji, bajeti inayojumlika, saini za wanaostahili kusaini, tarehe ya kuanza mradi iwe baada ya siku ya uamuzi. Kimoja kikikosekana, faili linawekwa kando na hakuna atakayefungua ukurasa wa pili. Ombi lenu la kwanza liliishia hapo. Hakuna aliyesema kazi yenu ni mbaya, kwa sababu hakuna aliyeisoma.

La pili lilisomwa, na hiyo ni habari njema kuliko mnavyodhani. Lilikwenda kwa wasomaji, likapewa alama kwa kila kigezo, kisha likapangwa na mengine kuanzia la juu hadi la chini mpaka fedha zikaisha. Yaliyo chini ya mstari hukosa, na mara nyingi yapo mengi mazuri chini ya mstari huo. Ila nina hakika kuna kigezo kimoja kilichowaumiza, nacho ni uwezo wa kusimamia mradi. Msomaji aliona mtu mmoja, msanii binafsi, anaomba fedha za kuendesha kazi ya watu ishirini kwa miezi minane pamoja na vijana na wazee. Ni lazima ajiulize: huyu akiugua mwezi wa tatu, nani anaendelea? Nani atasaini malipo? Ninyi jibu mnalo, mnao wanachama ishirini, lakini fomu ya msanii binafsi haikuwapa nafasi ya kulisema.

Kuhusu kujuana, sitakudanganya kwamba upendeleo haupo. Upo mahali pengi, na fedha za umma hazina kinga dhidi yake. Lakini mifuko inayoendeshwa vizuri ina utaratibu wa kuuzuia. Mwanakamati hutakiwa kutaja uhusiano wowote alio nao na mwombaji, na ombi hilo likifikiwa anatoka nje. Alama huandikwa, na anayetoa alama ya chini hutakiwa kueleza sababu. Nilichokiona mara nyingi zaidi ni kitu kingine. Kikundi kinachoitwa "chenye mtu ndani" kilihudhuria mkutano wa maelezo kwa waombaji, kikampigia simu ofisa wa mfuko kabla ya kuandika, kikauliza kama mradi wao unaingia kwenye kipaumbele cha mwaka huo. Ofisa akawajibu, kwa kuwa ni kazi yake kujibu. Kutoka nje hilo huonekana kama kujuana. Nanyi mna haki ileile ya kupiga simu, na ningependa kujua kama mliwahi kuitumia.

Sasa nije kwenye kosa ninalodhani ndilo mzizi. Vikundi vingi huomba ruzuku kana kwamba ni tuzo: tuna kipaji, tumeteseka muda mrefu, tunastahili. Yote yanaweza kuwa kweli na bado msikusanye alama. Fedha hizi zinatoka kwa walipa kodi, au kwenye mapato ya bahati nasibu ya taifa pale inapotumika kufadhili sanaa. Aliyezishika atakuja kuulizwa na mkaguzi wa hesabu: ulizitoa kwa nani, kwa ajili ya nini, na wananchi walipata nini? Kwa hiyo anaposoma andiko lenu, anatafuta maneno atakayoyatumia siku hiyo kujibu. Mkimpa maneno hayo tayari, mmemrahisishia kazi. Msipompa, hata kama ameupenda mradi, hana la kuandika kwenye kisanduku cha sababu.

Hebu tuangalie kwa karibu. Ningeweza kubashiri kwamba andiko lenu lilianza na "Sanaa ni kioo cha jamii" au ndugu yake wa karibu. Ukiwa msomaji na hilo ni andiko la kumi na tano kwa siku hiyo, jicho linaruka lenyewe. Badala yake sema hivi: "Kwa miezi minane, vijana 25 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walio nje ya shule watakutana na wazee 10 wa mtaa katika warsha 16, watakusanya simulizi za mtaa, na kuzigeuza kuwa igizo moja litakaloonyeshwa mara nne na mchoro mmoja kwenye ukuta wa soko." Haina mapambo, lakini msomaji ameshajua ni nani, wangapi, muda gani, kitatokea nini na kitabaki nini. Anaweza pia kurudi baada ya miezi minane na kuhesabu kama mlifanya. (Takwimu hizo nimezibuni, wekeni zenu.)

Andikeni pia kwa mtu ambaye si msanii. Kwenye National Endowment for the Arts, wakala wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1965, sheria inataka kila jopo la tathmini liwe na angalau mtu mmoja wa kawaida, anayeifahamu sanaa lakini si kazi inayompa riziki. Mifuko mingine nayo huchanganya: msanii, mwalimu, mhasibu, mtu wa maendeleo ya jamii. Istilahi za jukwaani zinazowapa raha mnapozungumza wenyewe kwa wenyewe zinaweza kumwacha nje yule ambaye alama zake zinahesabika sawa na za wengine.

Jambo jingine linalotofautisha sanaa ya jamii na sanaa nyingine ni hili: wasomaji wanataka kuona jamii ikiwa mtendaji, siyo hadhira peke yake. Ukisema "tutawafundisha vijana", swali linakuja: vijana wenyewe walisema wanataka nini? Kaeni nao kabla ya kuandika. Kikao cha saa mbili na vijana, kingine na wazee, muhtasari ukaandikwa na mahudhurio yakasainiwa. Kisha mseme kwenye andiko ni kitu gani kilibadilika kwa sababu yao. Pengine mlipanga igizo la dawa za kulevya, wao wakasema wamechoka kuonyeshwa kama tatizo na wanataka kusimulia habari za mtaa wao. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko barua tano za kuunga mkono zilizonakiliwa kwa maneno yaleyale. Nazo hizo tunazijua zote, hasa pale mwandishi anaposahau kubadilisha jina la kikundi.

Nije kwenye bajeti, na hapa nitakaa, kwa sababu wasomaji wazoefu huanza kuisoma kabla ya maelezo. Maelezo yanasema mnachotamani, bajeti inasema mtakachofanya. Maelezo yenu yalizungumzia vijana na wazee; bajeti yenu, kwa zaidi ya nusu, ilizungumzia kamera, spika na jenereta. Vikipingana hivyo, msomaji ataamini bajeti. Ataona kikundi kinachotafuta vifaa na kimetafuta warsha ya kuvisindikiza.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Wafadhili wa umma hutenganisha fedha za shughuli na fedha za mali ya kudumu. Kifaa kitakachoishi baada ya mradi kinaleta maswali: kitakuwa cha nani, kitatunzwa wapi, kikundi kikivunjika kinakwenda wapi? Mifuko mingi ya shughuli hukataa kununua mali kubwa au huiwekea kikomo, na hilo huwa limeandikwa kwenye mwongozo. Piga hesabu ya kukodi. Spika za maonyesho manne, kamera ya siku sita za kurekodi, jenereta ya siku nne. Mara nyingi utakuta ni sehemu ndogo ya bei ya kununua. Kama kweli kununua ni nafuu kwenu, onyesheni hesabu zote mbili ubavu kwa ubavu na mseme vifaa vitamilikiwa na nani. Kisha fedha zilizookolewa zipelekeni kwa watu.

Ndiyo, kwa watu, na hapo najumuisha wasanii wenyewe. Vikundi vingi huogopa kujiandikia malipo vikidhani kujitolea kunapendeza. Kwa msomaji mzoefu, mradi wa miezi minane ambao hakuna anayelipwa unaonekana kama mradi utakaokufa mwezi wa nne, watu watakapotafuta kazi. Wekeni posho au ujira wa haki kwa wawezeshaji, semeni ni siku ngapi na kwa kiwango gani, na kiwango hicho mmekitoa wapi.

Kila mstari wa bajeti uonyeshe ulivyofikiwa. Ukiandika "Usafiri" na jumla yake peke yake, msomaji atadhani umekadiria kwa macho. Ukiandika "Nauli za vijana: watu 25 × warsha 16 × safari 2 = safari 800, kwa nauli ya kawaida ya njia hiyo", hana cha kuuliza. Tena angalia faida nyingine: ukipewa pungufu ya ulichoomba, jambo linalotokea sana, unajua mara moja kwamba ukipunguza warsha hadi 12, safari zinakuwa 600, na kila mstari mwingine unafuata.

Vilevile mtaulizwa mchango wenu. Karibu kila mfuko wa umma unataka kuona kuna mwingine anayeubeba mradi. Viwango vinatofautiana sana. National Endowment for the Arts niliyoitaja hutaka kwa kawaida kwamba kwa kila dola 1 inayotoa, mpokeaji awe na angalau dola 1 kutoka chanzo kisicho cha serikali kuu. Kwingine ni sehemu ndogo tu ya gharama. Msikate tamaa mkidhani ni lazima iwe fedha taslimu. Ukumbi mnaopewa bure una thamani: ile ambayo mwenye ukumbi angemtoza mtu mwingine, akiithibitisha kwa barua. Saa za wanachama wanaojitolea nazo zina thamani, mkizipigia kwa ujira wa kawaida wa kazi hiyo na kuweka daftari la mahudhurio. Mifuko mingi inakubali mchango wa namna hiyo, ila baadhi huuwekea mpaka, kwa hiyo someni mwongozo.

Na kuna mtego ambao hauonekani mpaka umeshapata ruzuku. Mara nyingi fedha hazitoki zote siku moja. Hutoka kwa awamu, na awamu ya mwisho mara nyingi husubiri ripoti yenu ipokelewe na kukubaliwa. Maana yake mtafanya onyesho la mwisho na kulipa kila mtu kabla ya fedha hiyo kuingia. Baadhi ya mifuko ni migumu zaidi: mnatumia kwanza, mnapeleka risiti, kisha mnarudishiwa. Chukueni karatasi, mwezi kwa mwezi, fedha zinazoingia na zinazotoka, muone ni mwezi gani mtakauka. Kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ruzuku na kuzama kwenye madeni kwa sababu hiyo. Wala msitegemee ombi jingine liyafute. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, ulioanzishwa chini ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005, umeandika wazi kwamba fedha zake haziwezi kutumika kuziba nakisi wala kulipa deni, na wafadhili wengi wa umma wana msimamo huohuo.

Hapo ndipo suala la akaunti ya mweka hazina linapoacha kuwa la makaratasi. Sina shaka na uaminifu wake. Lakini fedha iliyo kwenye akaunti yake ni yake kisheria. Anaweza kuulizwa kodi kwayo, na akiwa na deni, anayemdai anaweza kuidai. Akifariki, Mungu apishe mbali, inaingia kwenye mirathi yake na ninyi mtasimama kwenye foleni pamoja na warithi. Na matumizi ambayo wakaguzi hawatayakubali yatadaiwa kwake peke yake. Kwa kweli mnamtwisha mzigo ambao si wake.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kusajili kikundi: katiba, viongozi waliochaguliwa na kikao chenye muhtasari, cheti, akaunti yenye watia saini wawili au watatu ambao si wa familia moja. Ni njia ya kudumu, lakini inachukua muda, na baadaye inadai ripoti za kila mwaka na hesabu zilizo sawa. Na aina ya usajili ina uzito: baadhi ya mifuko haitoi ruzuku kwa kampuni inayogawana faida, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipia usajili wowote.

Ya pili ni kuomba kupitia taasisi iliyokwisha kusajiliwa, kama kituo cha utamaduni, chuo au asasi mnayoiamini, ambayo itapokea fedha na kuwajibika kwa mfadhili huku ninyi mkiendesha mradi. Ni ya haraka, na inawapa alama za usimamizi ambazo hamna. Hasara zake ni za kweli. Taasisi itachukua sehemu ya fedha kwa ajili ya utawala. Mkiacha jina lenu lipotee kwenye ripoti, historia ya mradi itakuwa yao. Na mkigombana, mkataba na mfadhili ni wao walioushika. Kwa hiyo kabla ya kuomba, andikianeni makubaliano: asilimia ya utawala, siku ngapi fedha ikae kabla ya kuwafikia, nani anamiliki igizo, michoro na picha, jina gani linatangulia kwenye matangazo. Taasisi inayokataa kuandika haya, achaneni nayo mapema.

Bwana wa asilimia 15 nitamjibu kwa ufupi: hapana. Gharama iliyofanyika kabla ya mkataba kwa kawaida haikubaliki kulipwa na ruzuku, na malipo ya kamisheni hayana mstari wa bajeti yanapoweza kukaa. Hiyo 15 itabidi ifichwe kwenye "usafiri" au "vifaa", na siku ya ukaguzi anayesimama kueleza ni ninyi, yeye hatakuwepo. Kanuni za maadili za chama cha kimataifa cha wachangishaji fedha, Association of Fundraising Professionals, zinakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya fedha zilizopatikana, na sababu si ngumu kuielewa. Zaidi ya hayo, ofisa akipiga simu kuuliza "hii warsha ya saba ni ya nini?", lazima awepo mmoja wenu anayejua. Mkitaka msaada, mlipeni mtu ada inayojulikana asome rasimu yenu na kuikosoa kwa kalamu nyekundu. Au mpeni bure mtu asiyejua lolote kuhusu kikundi chenu, kisha mumwombe awaeleze mradi kwa maneno yake. Anapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.

Kuhusu wiki sita, ushauri wangu ni huu. Kama ndani ya siku kumi za mwanzo mmepata taasisi ya kuwabeba na mmeandikiana makubaliano, ombeni. Kama hamjapata, liacheni dirisha hili lipite bila majuto. Tumieni muda huo kusajili, kufungua akaunti, na kuomba ruzuku ndogo kwenye ngazi ya chini, kama vile halmashauri au manispaa, ambako masharti huwa mepesi. Ruzuku ndogo iliyotumika vizuri na kutolewa ripoti kwa wakati ndiyo itakayojibu lile swali la uwezo wa usimamizi mwakani. Kuomba kwa pupa mara ya tatu mkiwa na mapungufu yaleyale kutawachosha wanachama, na baadhi ya mifuko humzuia mwombaji kurudi na ombi ambalo halijabadilika.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Mkifika kwenye mkataba, mpeni mwanasheria au ofisa wa msaada wa kisheria asome vifungu vya kurejesha fedha na hakimiliki kabla ya kusaini. Ufaransa, kwa mfano, ruzuku ya umma kwa chama ikizidi euro 23,000 kwa mwaka, sheria inalazimisha mkataba wa maandishi. Kwenu, hata kama ruzuku ni ndogo, dai karatasi. Mwoneni mhasibu kabla ya fedha ya kwanza kuingia, siyo siku ya kuandika ripoti, awaonyeshe namna ya kutunza ankara, risiti na hati za malipo. Na kwa kuwa mnafanya kazi na walio chini ya miaka 18, kaeni ana kwa ana na ofisa wa ustawi wa jamii mtengeneze utaratibu wa ulinzi wa watoto na fomu za idhini ya wazazi, zikiwemo za kupiga picha. Wafadhili wengi watauliza, na hata wasipouliza, vijana hao wanastahili ulinzi huo.

Ila kuna barua moja ya kutuma wiki hii, muombe au msiombe. Mwandikieni mfuko mkiomba maoni ya wasomaji na alama mlizopata kwa kila kigezo katika ombi la pili. Mweka hazina ndiye aisaini, kwa kuwa ombi lilikuwa kwa jina lake, na atie namba ya ombi. Mifuko mingine huweka kikomo cha muda wa kuomba maoni hayo, kwa hiyo isisubiri kikao kijacho.